Mpaka Samaki Wazoee

Chumba cha uani kilijengwa kwa ajili ya bibi Ng'washi, na asije mtu akasema vingine. Fundi alikijenga, Hellen akachagua rangi, na Nkwabi, mume wa Hellen, alisimama mwenyewe pale Kiseke, Mwanza, mbele ya majirani akaeleza kwa nini mlango wake unatazama geti na si jiko. Bibi Ng'washi ni mama yake Hellen, na mama mkwe halali nyumba moja na mkwe wake. Kisukuma hakitaki. Mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hali naye sahani moja, akikutana naye njiani anampisha na kuinamisha kichwa. Kwa hiyo mama wa watu atakuwa na mlango wake na choo chake, na heshima itabaki mahali pake. Majirani wakamsifu. Huyo ndiye mwanamume, walisema. Hellen naye akaamini, na nani angemlaumu? Rangi ilikuwa bado mbichi ukutani.

Halafu Nkwabi akaenda Dar es Salaam.

Kazi yake ilikuwa kuuza mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara ambavyo wageni huvinunua kwa bei mbaya. Huko Dar mnunuzi mmoja akampeleka hotelini, na mapokezi kulikuwa na tangi kubwa la kioo limejaa samaki wa baharini wa rangi rangi, watu wazima wamekaa mbele yake wanaongea kwa sauti ya chini. Basi, mtu kwisha. Mwanamume aliyezaliwa analiona ziwa kila asubuhi, aliyejenga nyumba kwa pesa ya samaki, akarudi Mwanza amepagawa na samaki wa kutazama. Likaja tangi refu kuliko kitanda, ikaja mifuko ya chumvi ya kutengenezea maji ya bahari, yakaja mawe, mchanga mweupe na mashine za kuzungusha maji, na mwisho wakaja samaki wenyewe kwa ndege, kwenye mifuko ya nailoni. Vikawekwa wapi? Chumba cha uani. Kuna ubaridi, alisema Nkwabi, kuna utulivu, jua haliingii.

Hellen akauliza mama atakaa wapi. Nkwabi akamjibu bila hata kugeuka.

"Ni kwa muda tu, mama Shimba. Wakishazoea nawahamishia sebuleni, na mama anakuja siku hiyo hiyo."

Wakishazoea. Hellen akalishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu bibi Ng'washi hakuwa anaishi mahali pa kuishi mtu. Macho yake yalikuwa yamekwisha na mikono inatetemeka, na alikuwa Igoma kwa mwanawe Masalu, kaka yake Hellen, kwenye chumba kimoja nyuma ya gereji. Mchana Masalu yuko kazini na mkewe yuko sokoni. Ili mama asipapase ukuta akatokea barabara ya Musoma akagongwa na lori, walikuwa wanamfungia. Kufuli kwa nje. Ndani ndoo, sahani ya ugali iliyofunikwa, na redio. Ukimwuliza Masalu atakwambia anamlinda, na pengine ndivyo alivyojiambia usingizi ukimpitia. Hellen alipokwenda kumwona kila Jumapili, mama hakusema neno kuhusu kufuli. Alikuwa akiuliza kitu kimoja tu, kwa upole wake ule unaokata maini: hao samaki, mwanangu, wameshazoea?

Wazoee wapi! Tangu siku za kwanza walikuwa juu ya maji, midomo wazi, mashavu yanapiga haraka haraka. Nkwabi akasema wana njaa, akazidi kuwamwagia chakula, na wengine wakafa. Akasema Hellen ana mkono mbaya. Kulikuwa na samaki mmoja mwembamba wa kijani ambaye jioni moja hakuonekana, na Nkwabi akapekua nyumba nzima, akauliza kama amekaangwa, akauliza tena, safari hii bila kucheka, kama kuna mtu wa ukoo fulani amempeleka kwa mganga. Kesho yake samaki akatoka mchangani alikokuwa amejizika, akajikung'uta, akaendelea na shughuli zake. Nkwabi hakuomba radhi. Alisema samaki ana akili kuliko watu wa nyumba hii.

Naye ndiye aliyewapa majina. Yule mkubwa wa rangi ya chungwa mwenye mikanda myeupe, mbabe wa tangi zima, alimwita Bosi, yaani yeye mwenyewe. Yule mdogo wa aina hiyo hiyo, ambaye kila Bosi akimsogelea alilala ubavu akatetemeka mwili mzima, alimwita Mama Mkwe. Kwa sababu ya ile mikono. Mtu ambaye kwa heshima asingethubutu hata kumsalimia bibi Ng'washi bila kuinama, alisimama mbele ya wageni akigonga kioo kwa pete na kucheka mpaka akakohoa. Alipouona uso wa mkewe akasema ni utani tu. Utani na mama mkwe! Ulishasikia wapi?

Hellen aliumeza. Alikuwa na shida yake, na shida yake ilikuwa na sharti moja: samaki wazoee. Akachukua namba ya Faisal, kijana wa Dar aliyewauzia samaki, akaanza kumpigia. Faisal hakuwa mtu wa maringo, alimwita dada na kumjibu kila swali. Wanaopumua juu ya maji si wenye njaa, dada, wanakosa hewa na wanachomwa na uchafu wao wenyewe. Tangi jipya maji yake bado ni mabichi, yanataka muda yapevuke, na ukizidisha chakula unazidisha sumu. Yule wa kijani ndivyo anavyolala, mchanga ndio blanketi lake. Na yule mdogo anayetetemeka haumwi. Anatoa salamu. Anamwambia mkubwa, wewe ndiye mkubwa, niache niishi. Halafu Faisal akaongeza kwamba kwa samaki wale mkubwa huwa ni jike siku zote, na anayetetemeka ni dume.

Hellen akakata simu, akacheka peke yake uani mpaka jirani akamwuliza kama ni heri. Hakumwambia mumewe. Alikiweka kicheko kile kwa siku nyingine.

Akajifunza. Akajua maji yakipungua tangini ni maji peke yake yamepanda hewani, chumvi imebaki, kwa hiyo unaongeza maji ya bomba yaliyolazwa na si maji ya chumvi. Akajua rangi ikififia kuna hofu, na mapezi yakibanwa kuna ugonjwa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya kioo kile, mahali ambapo kitanda cha mama yake kilikuwa kiwe, akawasoma samaki wale mpaka akawajua kuliko alivyowajua watoto wa shemeji zake. Na mara ya kwanza walipokaribia kufa wote, si yeye aliyesababisha.

Nkwabi ana ng'ombe kwao Magu. Na mfugaji yeyote wa Kisukuma anajua ng'ombe akizubaa unamletea jiwe la chumvi alambe, na kesho manyoya yanang'aa. Basi jamaa alikwenda Magu, akarudi na jiwe la chumvi ya ng'ombe, akalitumbukiza tangini. Wanatoka kwenye chumvi, alisema, hawawezi kudhurika na chumvi, hii itawapa nguvu. Kabla chai haijapoa samaki walikuwa wanajisugua kwenye mawe, wanaruka, wanagonga kioo kwa vichwa. Nkwabi akatoka nje kupokea simu. Hellen ndiye aliyetumbukiza mkono akalitoa jiwe, ndiye aliyebeba ndoo, akatoa maji na kuchanganya mengine kutwa nzima mpaka mabega yakakataa. Wawili walikufa. Jioni Nkwabi aliwahesabu waliobaki, akamwambia mkewe kwamba mtu mwenye mikono miwili mizima hashindwi na samaki.

Hata hivyo wakapona, maji yakapevuka, na samaki wakatulia. Wakaanza kula mkononi, kila mmoja akashika kona yake. Nkwabi akaagiza wengine wawajazie nafasi, wengi kuliko alivyoshauriwa, akiwemo mmoja mpana wa bluu aliyempenda kama mtoto wa kwanza. Faisal akamwonya Hellen kwamba tangi limejaa mno. Sasa wanaishi kwa mashine, dada, siku ya joto mashine zikisimama hawachukui muda, na wakubwa ndio watakaotangulia. Lakini walikuwa wamezoea. Kwa kipimo chochote, walikuwa wamezoea. Hellen alifua mashuka mapya, akayapiga pasi, ndipo akamwambia mumewe habari hiyo mezani.

Nkwabi alimaliza kutafuna kwanza.

"Si ndiyo nasema," alimjibu. "Wamezoea pale. Ukiwahamisha sasa unawaua. Na mama yako naye ameshazoea Igoma, mtu mzima humtoi mahali alipozoea. Ukimkumbuka sana, nenda uani kamwangalie mwenzake anavyotetemeka."

Akanawa mikono, akaenda zake. Hellen alibaki na sahani mbili mbele yake. Hakulia. Kilichomchoma si kwamba amedanganywa. Alikuwa amewahi kudanganywa na mtu huyu huyu kwa mambo mengine, akaishi. Kilichomchoma ni kwamba amefanya kazi ile yeye mwenyewe. Kila ndoo aliyobeba, kila simu aliyopiga, alikuwa anamfungia mama yake mlango, na amefunga vizuri.

Wiki ile Nkwabi alialika wenzake wa biashara waje Jumamosi kuona bahari ya Kiseke. Ndivyo alivyoiita, na picha alikuwa amezituma kwa watu wote anaowajua. Ijumaa saa za mchana Hellen alikuwa Igoma na sufuria ya uji. Alibisha, mama akaitika kwa sauti inayotoka chini. Alikuwa ameanguka tangu asubuhi, hakuweza kuinuka, na kufuli lilikuwa mlangoni. Hellen akapiga simu kwa Masalu, haikupokelewa. Akamwita fundi wa kuchomelea wa gereji, naye fundi akakata kufuli lile cheche zikiruka. Ndani harufu ilimpokea kabla ya mama yake. Bibi Ng'washi alikuwa amelala sakafuni kwenye mkojo wake, kichwa amekilaza vizuri kwenye kanga, redio inatangaza bei za mazao. Hakuvunjika. Hellen alimwosha, akambadilisha, akamlaza kitandani, na muda wote ule mama alikuwa anaomba msamaha kwa usumbufu. Mke wa Masalu alipofika aliangalia mlango, akauliza kufuli jipya atanunua nani.

Hellen alirudi Kiseke. Alimkuta Nkwabi uani anafuta kioo kwa kitambaa laini, amevua shati. Akamweleza yote, mkojo, kichwa kwenye kanga, yote. Akamwomba mara ya mwisho, na alimwomba vizuri, kwa magoti. Nkwabi hakuacha kufuta. Alisema wageni wanakuja kesho, si wakati wa kuletewa habari za mikojo. Kisha akaenda kuoga.

Mlango wa chumba kile ni wa chuma, kwa sababu Nkwabi aliogopa wezi, na una komeo zito kwa ndani ambalo Hellen mwenyewe aliomba liwekwe ili mama alale bila wasiwasi. Dirisha lina nondo. Hellen akaingia, akasukuma komeo, akazima mashine zote.

Ule mvumo ulipokatika nyumba nzima ilisikia. Nkwabi alikuja na povu masikioni, taulo kiunoni, akausukuma mlango, akauvamia kwa bega, akaja dirishani. Alianza kwa matusi. Hellen aliyaacha yapite, alikuwa anayafahamu.

"Kalete mama," alimwambia. "Siku anapoingia mlango huu, nawasha. Na siku hiyo ni leo."

Nkwabi akasema ataleta fundi akate mlango. Hellen akamjibu kwamba amlete tu, na akaanza kumweleza, taratibu, jinsi samaki watakavyokwenda, kwa sababu hakuna mtu Mwanza nzima aliyejua mambo hayo kuliko yeye. Wataanza kupanda juu. Wa bluu atakuwa wa kwanza, mashavu yake tayari yanapiga haraka, tazama. Rangi yake itafifia kuanzia mgongoni. Yule wa kijani ataingia mchangani na safari hii hatatoka. Wadogo watavumilia kidogo, wakubwa hawana muda, na Bosi ni mkubwa. Kisha akakumbuka jambo.

"Halafu Bosi ni jike, baba Shimba. Dume ni yule anayetetemeka."

Nkwabi aliangalia tangi kupitia nondo. Wa bluu alikuwa amefika juu, amefungua mdomo. Akajaribu kubembeleza. Akaahidi Jumatatu, akaahidi Jumapili baada ya ibada, akaapa kwa mtoto wao Shimba aliyekuwa bweni. Mashine zikabaki zimezimwa. Basi mwanamume akavaa suruali, na gari likasikika likitoka getini kwa kasi.

Toka Kiseke mpaka Igoma na kurudi si mwendo wa mchezo, na jua la Ijumaa ile lilikuwa kali. Hellen alikaa kwenye kigoda. Usidhani haikumuuma. Aliwapenda samaki wale; alikuwa amewalisha kwa vidole vyake. Wakapanda mmoja mmoja kama alivyosema, na vinywa vyao vidogo vikawa vinafanya duara juu ya maji bila sauti. Mara mbili aliinuka, akaweka kidole kwenye swichi. Mara mbili akaiona ile kanga chini ya kichwa cha mama yake, akakaa. Yule mdogo, katikati ya kukosa pumzi, alipokutana na Bosi alilala ubavu akatetemeka, akatoa salamu yake. Hellen akafunika uso. Alipofunua, wa bluu alikuwa amegeuka tumbo juu, na Bosi alikuwa anazama.

Geti likabamizwa. Hellen akachungulia dirishani, akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu aolewe. Nkwabi alikuwa amemshika mama yake. Mkono mmoja kwenye kiwiko na mwingine kiunoni, anamkokota uani mbio mbio, kanga imeanguka begani, kandambili moja imebaki kwenye gari ambamo walikaa siti za mbele bega kwa bega njia nzima. Majirani walikuwa wamejaa ukutani, midomo wazi. Hellen akawasha mashine, akavuta komeo.

Nkwabi alimwachia mama mkwe mlangoni bila kuangalia nyuma, akapiga magoti mbele ya kioo. Bosi alikuwa amelala mchangani, mkondo wa maji unamgeuza geuza. Nkwabi akaweka kiganja kwenye kioo, akamwita kwa jina. Kisha akaanza kulia. Machozi ya kweli, jamani, na kamasi, mabega yanapanda na kushuka, mtu mzima na biashara zake.

Bibi Ng'washi alibaki ameshika fremu ya mlango, uso ameuelekeza kule kilio kinakotoka. Mikono ilikuwa inatetemeka kuliko siku zote. Maishani mwake hakuwa amewahi kuguswa na mkwe, wala hakuwahi kusikia mkwe akimgusa mama mkwe, isipokuwa dunia imepinduka.

"Hellen," alinong'ona. "Mkwe amenishika mkono. Nani amekufa?"

Hellen alifungua mdomo. Alimjua mama yake. Akimwambia ni samaki, ataomba kurudishwa Igoma saa ile ile, kwenye kufuli, kwa aibu ya kushikwa na mkwe kwa ajili ya mboga. Na hakuna mtu atakayemtoa tena.

"Mkweo amefiwa, mama," alisema. "Wawili kwa mpigo."

Bibi Ng'washi akaachia fremu. Akaifunga kanga kiunoni, kama wafungavyo wanawake walioingia kwenye msiba, akapapasa kukifuata kilio mpaka alipofika, akakaa sakafuni kando ya Nkwabi. Akaweka kiganja chake kile kinachotetemeka mgongoni mwa mkwe wake, maana msiba ni msiba.

"Pole, mkwe wangu," alisema. "Pole sana, baba. Walikuwa wadogo?"

Nkwabi aliinua uso. Alimtazama kikongwe, akatazama majirani waliokuwa wameanza kuingia uani kwa heshima, kofia mikononi, halafu akamtazama mkewe aliyesimama pembeni ya swichi. Kidole cha Hellen kilikuwa kimerudi juu yake.

"Wakubwa, mama," alijibu.

Mama akatikisa kichwa, akaanza kulia naye, kilio cha chini cha watu wazima, akiuliza kati kati majina ya marehemu ili awalilie vizuri. Hellen alisikia aibu ikimpanda mpaka kwenye masikio, na haikumfanya aseme neno. Bibi Ng'washi alipopata sauti yake alimwambia mkwe kwamba asihangaike kumtafutia mahali, kwenye msiba watu hulala chini, naye hatamwacha peke yake, atakaa chumba hiki hiki mpaka matanga yaishe.

Hellen akaenda kumletea godoro.